Taa Moja Katika Ukungu wa Harclough

Kilichomwamsha Sajini Enoch Duxbury asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Novemba 1958, kilikuwa king'ora cha kiwanda cha nguo. Aliketi kitandani. King'ora cha saa kumi na mbili alikuwa amezoea kukisikia akiwa jikoni, ndevu amekwishanyoa, kikombe cha chai mkononi.

"Hannah hakugonga," mkewe Mabel alisema gizani.

"Labda tulilala sana."

"Enoch, yule mama akigonga, hata waliozikwa wanageuka ubavu. Hakugonga."

Hannah Tattersall alikuwa mwamshaji wa Mtaa wa Weir. Kwa miaka kumi na tisa, mvua inyeshe au theluji ianguke, alipita alfajiri na ufito wake mrefu wenye nyaya nyembamba mwishoni, akikwaruza vioo vya vyumba vya juu, kila nyumba kwa saa yake. Watu walisema akikosea dakika mbili, basi saa ya kanisa ndiyo mbovu.

Duxbury alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akachukua tochi, akatoka. Ukungu ulikuwa mzito, mwanga wa tochi ukaishia hatua tano mbele yake. Aliteremka mtaani akihesabu nyumba. Kwenye nusu ya juu madirisha yote yalikuwa giza, na watu ndiyo kwanza wanakurupuka wakitafuta viatu vyao vya mbao. Kwenye nusu ya chini taa zilikuwa zinawaka na nyumba hazina watu. Wenyewe wameshakwenda kazini. Hannah huanzia chini akipanda, na nyumba ya mwisho aliyoiamsha ilikuwa namba 17. Hatua chache juu yake kulikuwa na Kichochoro cha Tanner.

Alimkuta humo. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya dirisha la nyumba ya kwanza, shali lake limetapakaa tope, mkono mmoja umeuegemea ukuta. Ufito ulikuwa umevunjika, kipande kirefu kiko mdomoni mwa kichochoro, hatua nne kutoka alipolala. Kile kifupi chenye nyaya alikuwa amekishika bado.

Duxbury alipiga goti, akagusa shingo. Baridi tupu.

Akatoa daftari lake akaandika. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane. Katikati ya kichochoro, mawe. Pande zote mbili, tope. Mistari miwili ya tairi imeingia, mistari miwili imetoka kwa njia ile ile. Kutoka mahali mistari inapoishia hadi kwa marehemu, alama ya kitu kilichojiburuta.

Dokta Philip Ormerod alifika karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa miguu. Zahanati yake ilikuwa kwenye kona inayofuata, Njia ya Kanisa. Alikuwa mtu mrefu wa miaka sitini, mabega yameinama kwa kuinamia vitanda vya watu. Hakuna nyumba Harclough ambayo hakuwahi kuketi ndani yake na mtu anayekufa au anayezaliwa. Mabel alipougua nimonia miaka miwili nyuma, daktari alikaa naye siku tatu mfululizo, akila mkate uleule aliokula Duxbury.

Alimwinamia Hannah kwa muda mrefu.

"Gari limempiga mbavuni, akaanguka, kichwa kikagonga jiwe," alisema mwishowe. "Alikufa papo hapo, Enoch. Hakuhisi chochote. Mwambie hivyo dada yake."

"Papo hapo," Duxbury alirudia, akaandika. Kisha akatazama tena ile alama kwenye tope. Wafanyakazi waliochelewa walikuwa wanafika kwa makundi, na saa mbili, Inspekta Lathom alipowasili kutoka makao makuu, alama zote zilikuwa zimekanyagwa hazisomeki.

*

Lathom alikuwa mtu wa kasi. Alitaka kwanza kujua saa, na saa ilipatikana bila taabu, maana marehemu mwenyewe aliiacha. Bi Nora Clegg wa namba 17, kiziwi ambaye huuona ufito kiooni badala ya kuusikia, aligongewa saa kumi na moja na dakika ishirini. Bert Nuttall, mwenye nyumba ya kwanza kichochoroni, alipaswa kugongewa saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Hakugongewa.

"Una hakika?" Lathom alimuuliza.

Nuttall, fundi wa boila mwenye shingo nene, alikuwa anatazama sakafu. "Hakugonga. Nilisikia kitu kinakwaruza ukutani huku chini. Chini kabisa, si dirishani. Nikamwambia mke wangu, panya hao. Nikalala tena." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Mpate aliyefanya hivi, Inspekta. Mpate kabla yangu."

Bi Nora aliwapokea akiwa amekaa dirishani juu, pamoja na bilauri tupu ya kuwekea meno yake ya bandia. Ilibidi Duxbury akae mbele yake ili bibi huyo asome midomo.

"Niliona taa moja," alisema kwa sauti kubwa. "Hannah alikuwa anavuka kwenda kichochoroni. Taa moja ikaja kwenye ukungu. Moja tu, mwanangu. Ikakata kona."

"Uliisikia?" Lathom aliuliza.

"Mimi nisikie? Miaka thelathini na minane kwenye mitambo ya kufuma! Hata radi siku hizi naiona tu."

"Gari gani mtaani lina taa moja?"

Bi Nora alisita. Alimtazama Duxbury kama anayeomba msaada. "La Silas," alisema.

Silas Aspinall, fundi mitambo wa kiwandani, alikuwa na gari la pekee la namna yake Harclough. Lilikuwa Linnet, gari dogo la magurudumu matatu, moja mbele, mawili nyuma, limekaa barabarani kama kiatu kilichoachwa na mtu mkubwa. Bodi yake ya bati jepesi ilikuwa rangi ya maziwa, na puani lilikuwa na taa moja ya mviringo. Injini ilikuwa ya pikipiki, na ilipowaka ilipiga kelele kama mahindi yanayokaangwa kwenye sufuria yenye kifuniko. Silas alikuwa na leseni ya pikipiki tu, na sheria iliruhusu gari kama lile liendeshwe kwa leseni hiyo. Alilinunua kwa ajili ya mkewe Ivy, ambaye vumbi la pamba lilikuwa limemmaliza mapafu. Kwenye pikipiki mvua ingemuua.

Na Hannah alilichukia. Mtaa mzima ulijua. "Mimi naamsha watu mmojammoja, kila mtu na saa yake," alimwambia Silas mbele ya baa, majuma matatu nyuma. "Wewe na hicho kikaango chako mnawaamsha wote kwa pamoja, hata wa zamu ya jioni." Silas naye, amekwishakunywa, akajibu kwamba siku moja atapita juu ya huo ufito wake. Watu walicheka.

Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

*

"Ulitoka nyumbani saa ngapi?" Lathom aliuliza. Ilikuwa saa tano asubuhi, chumba cha mahojiano cha kituo kidogo cha Harclough. Duxbury aliandika.

"Kumi na moja na nusu. Kwa miguu, njia ya mfereji."

"Kwa miguu, na una gari?"

"Lilikataa kuwaka. Ukungu ukizidi plagi inalowa. Nilipiga kiki mpaka nikachoka, nikaliacha bandani."

"Nani alikuona njiani?"

"Kwenye ukungu ule? Hata mimi sikujiona."

"Usinifanyie mzaha, Aspinall. Ulitishia kumkanyaga mama wa watu."

"Ufito, Inspekta. Nilisema ufito. Na nilikuwa mjinga kusema." Silas alimgeukia Duxbury. Uso wake mwembamba ulikuwa umepauka. "Enoch, wewe unanijua. Ningemgonga mtu nikamwacha kwenye tope?"

Duxbury aliendelea kuandika. Alikuwa amejifunza katika kazi yake kwamba swali lile huulizwa na wenye hatia na wasio na hatia kwa maneno yaleyale.

Alasiri walikwenda kulichukua Linnet. Lilikuwa bandani, pua ikiutazama ukuta. Puani kulikuwa na mbonyeo, na Ivy, aliyesimama mlangoni amejifunga blanketi, alisema ni wa zamani, Silas aligonga geti la kanisa siku ya kwanza. Konstebo kijana akajikunja ndani ya gari, magoti kidevuni, akahangaika na pedali na gia.

"Shuka usukume," Ivy alimwambia kati ya kikohozi na kikohozi. "Unatafuta nini humo? Mume wangu kila siku anatoka analivuta kwa mikono. Jepesi, halitakuvunja mgongo."

Konstebo alishuka, akalivuta kinyumenyume hadi uani kwa mkono mmoja, watu wakitazama. Kuna aliyetema mate. Jioni ile jiwe likapita kwenye dirisha la Ivy.

Duxbury alikwenda mwenyewe kupigilia ubao pale kioo kilipovunjika.

"Ni Bert Nuttall," Ivy alisema, amekaa karibu na moto. "Nilimwona. Wala sikumkemea. Alikuwa analia huku anarusha."

"Nitamwita kituoni."

"Mwache. Nyumba yake iko palepale kichochoroni, atakuwa na lake moyoni." Alivuta pumzi kwa shida. "Dokta Ormerod alipita leo kunitazama. Amesema nisitoke kwenye baridi. Nilimwambia mume wangu hajafanya lile jambo, naye akanishika mkono akanyamaza. Yule mzee ana roho nzuri, Enoch. Machozi yalimlengalenga."

*

Jumatano saa kumi jioni Lathom aliingia kituoni akisugua mikono.

"Tumemaliza," alisema, akiweka karatasi mezani. "Maelezo ya Dokta Ormerod. Nilikwenda kumweleza uchunguzi ulipofikia, kwamba tuna bibi kiziwi mmoja tu na nitalazimika kukagua magari yote ya mji. Basi akakumbuka. Hakutaka kumwangamiza jirani, ndiyo maana alinyamaza jana."

Duxbury alisoma. Dokta alikuwa ametoka kumzalisha mama katika shamba la Gorple, kule mlimani, akirudi kwa gari lake. Saa kumi na moja na dakika ishirini hivi, akiwa Mtaa wa Weir, aliona gari dogo la Aspinall likitoka Kichochoro cha Tanner. *Lilikuwa linarudi nyuma, taa yake ikielekea ndani, injini inalia, Aspinall ndani ameshika usukani. Likaingia barabarani kinyumenyume, likageuka, likaondoka kwa kasi.* Hakujua kuna mtu amelala mle.

"Inalingana na alama ulizoziona wewe mwenyewe," Lathom alisema. "Liliingia, likarudi nyuma kwa njia ileile. Kesho tunamfungulia mashtaka."

Duxbury alisoma tena, kidole kikifuata mstari. Halafu akainuka, akatoka uani, akafunua turubai. Alikaa na lile gari kwa robo saa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Inspekta, nipe hadi Ijumaa."

"Kwa nini?"

"Linnet haina gia ya rivasi."

Lathom aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Haijawahi kuwa nayo. Sheria inamruhusu mwenye leseni ya pikipiki kuendesha magurudumu matatu kwa sharti hilo tu, gari lisiwe na rivasi. Ukitaka kurudi nyuma, unashuka unasukuma. Ivy alituambia jana, na konstebo wako akafanya hivyo mbele yetu, na sote tukatazama kama mbuzi. Hakuna mtu duniani aliyeliona gari hili likirudi nyuma na injini inalia na dereva ndani."

"Basi Dokta alikosea. Ukungu. Uchovu."

"Huenda," Duxbury alisema. "Naomba iwe hivyo."

Na alikuwa anaomba kweli. Usiku ule alimtazama Mabel akishona soksi kando ya moto, mzima, mashavu mekundu, akashindwa kumwambia anachofikiri.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi alirudi kwa Bi Nora. Hakujua hasa anatafuta nini; alitaka kusikia tena habari ya ile taa.

"Nishasema, moja," Bi Nora alisema, ametia meno mdomoni sasa na ana hasira kidogo. "Mnamweka mtu ndani kwa maneno yangu, na mimi silali. Ingawa, Mungu anisamehe, meno yangu sasa yanapumzika."

"Meno?"

"Naweka dirishani, kwenye bilauri ya maji. Gari la Silas likipita asubuhi dirisha lote linatetemeka, meno yanacheza ngoma humo ndani, ka-ka-ka-ka. Silisikii, lakini naliona. Ndiyo saa yangu ya kushuka kuchemsha maji."

Duxbury alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, ili bibi asipoteze neno hata moja akimsoma midomo.

"Bi Nora. Jumanne, ile taa ilipopita. Meno yalikuwa wapi?"

"Dirishani. Ndipo mkono wangu unapofikia..." Macho yake yakaenda kwenye bilauri, yakarudi. "Nilikuwa nayatazama. Nilikuwa nataka kuyavaa nimpungie Hannah. Maji yalikuwa yametulia tuli." Akashika mdomo. "Mwanangu, halikuwa la Silas. Lilikuwa gari kubwa. Gari la kistaarabu."

Kutoka hapo alipanda baiskeli hadi shamba la Gorple, mwendo wa saa nzima wa kupanda mlima. Alimkuta Seth Greenhalgh, mwenye shamba, zizini akikamua, mwenye furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume baada ya mabinti wanne.

"Aliondoka kumi na moja kasoro dakika tano," Seth alisema. "Alikuwa hoi. Siku mbili hajalala, alitoka kwa mgonjwa mwingine. Nikamlazimisha glasi ya wiski ya kumpongeza mtoto. Mbili, tuseme. Mtu hawezi kukataa kwa mtoto wa kiume."

"Uliliona gari lake likiondoka?"

"Nilimsindikiza hadi getini na kandili. Nikamwambia, Daktari, taa yako moja imekufa, ya kushoto. Akasema anajua, balbu iliungua akiwa anapanda. Nikamwambia lala hapa mpaka kupambazuke. Akacheka. Akasema saa mbili ana zahanati, watu watamngoja."

Duxbury alifunga daftari. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali, lakini hakupanda baiskeli mara moja. Aliisukuma tu kwa muda, akitembea kando yake kuteremka Harclough.

*

Ijumaa, saa nne asubuhi. Chumba cha kungojea cha zahanati kilikuwa na watu sita wanaokohoa. Inspekta Lathom alibaki hapo na konstebo. Duxbury aliingia ndani peke yake. Alikuwa ameliomba hilo.

"Mabel?" Dokta Ormerod aliuliza, akiinuka haraka.

"Mabel hajambo. Keti, Daktari."

Daktari aliketi. Duxbury alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Nimepita nyuma kulitazama gari lako. Kioo cha taa ya kulia kimekuwa cha manjano kwa uzee. Cha kushoto ni kipya, kinang'aa."

"Jiwe la barabarani. Niliibadilisha juzi."

"Seth Greenhalgh anasema taa hiyo ilikuwa imekufa ulipotoka kwake Jumanne. Kwa hiyo saa kumi na moja na dakika ishirini kulikuwa na magari mawili ya taa moja Harclough, na moja lilikuwa bandani limelowa plagi."

"Nilimwona Aspinall, Enoch. Nimeshaandika."

"Uliandika kwamba ulimwona akirudi nyuma. Gari lile haliwezi kurudi nyuma, Daktari. Halina gia hiyo. Wewe umeendesha magari makubwa maisha yako yote, hukuwa na sababu ya kujua. Lakini kilichoingia kile kichochoro kilirudi nyuma, mimi niliona alama kabla hazijakanyagwa. Ulisimulia kweli kilichofanyika. Ulibadilisha gari tu."

Daktari aligeuza kichwa kutazama saa ya ukutani.

"Kuna jambo jingine," Duxbury aliendelea. "Ulisema alikufa papo hapo. Alijiburuta hatua nne. Alikwaruza ukuta wa Nuttall na kile kipande cha ufito, chini kabisa, kwa kuwa hakuweza kusimama. Wewe huwezi kutazama tope kama lile usiione alama. Ulitaka iwe papo hapo. Kwa nini?"

Dokta Ormerod alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mtupu na mzee sana.

"Nilidhani ni Njia ya Kanisa," alisema. "Nilikata kona moja mapema. Ukungu, taa moja, na wiski ya Seth. Nilimwona akiwa ameshafika kwenye boneti. Nilishuka, Enoch. Sikukimbia mara moja. Nilimshika. Mbavu zilikuwa zimeingia ndani, damu tumboni. Nilijua. Nimeona wengi wa kiwandani. Nikajiambia, hata nikimbeba vipi, hospitali ni mwendo wa saa nzima kwenye ukungu huu, hafiki."

"Alikuwa na fahamu?"

"Alinitambua." Alitazama mikono yake. "Alisema, 'Daktari, bado nyumba kumi na moja.' Hakusema aokolewe. Alinitajia nyumba. Kama mtu anayekabidhi zamu. Na mimi nikaanza kufikiri juu ya pumzi yangu inayonuka wiski, na jina langu, na mji usio na daktari mwingine. Nikarudi ndani ya gari. Nikajiambia, watu hawa watapata hasara gani wakinipoteza, na kwa ajili ya mtu ambaye tayari amekufa. Ila hakuwa amekufa. Nilikuwa nimekaa hapa, kwenye kiti hiki, nikingoja mje kuniita."

"Kwa karibu saa nzima."

"Karibu saa nzima."

"Na Silas?"

"Si mimi niliyemtaja kwanza. Nilipofika mlikuwa hamjamtaja, nikadhani litapita, gari lisilojulikana, la mpita njia. Kisha Lathom akaja akasema atakagua magari yote." Aliinua uso. "Unajua nilichofanya Jumanne? Nilikwenda kumpima Ivy. Nikamshika mkono. Sikujua mtu anaweza kufanya hayo yote mawili kwa siku moja."

Duxbury alikuwa amekuja na maneno mengine, maneno ya hasira aliyoyapanga njiani. Hayakupatikana. Alimkumbuka mtu huyu akitafuna mkate mkavu kando ya kitanda cha Mabel kabla ya mapambazuko, na alijua kumbukumbu ile haitafutika, na kwamba haibadilishi kitu.

"Nina wagonjwa sita pale nje," daktari alisema polepole. "Niruhusu niwamalize. Kisha nitakwenda utakako."

Lilikuwa ombi la kweli, halikuwa na hila ndani yake. Duxbury alilifikiria. Alisikia kikohozi cha mtoto nyuma ya mlango.

"Hapana, Daktari," alisema. "Chukua koti lako."

Akafungua mlango, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wale watu sita warudi nyumbani.

*

Silas aliachiwa mchana ule. Alisimama uani mwa kituo, mkono juu ya Linnet lake, akimsikiliza Duxbury hadi mwisho.

"Ormerod?" alisema. "Yule aliyekuwa akija kwa Ivy hata bila kuitwa?"

"Ndiyo."

Silas alitikisa kichwa mara nyingi. Duxbury alingoja amlaani mtu, Dokta, au Lathom, au mtaa, au yeye Duxbury aliyekaa mezani akiandika bila kusema neno la kumtetea. Silas hakumlaani mtu. Aliuliza tu, "Sasa nani atamtazama Ivy?"

Hilo likawa swali la mji mzima. Ormerod alikiri yote mahakamani, akafungwa, na barua ikaja kusema daktari mpya hatafika hadi mwisho wa Februari. Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Thursden, maili saba ng'ambo ya mlima. Kila Alhamisi Silas alimfunika Ivy mablanketi mawili, akampeleka na kumrudisha. Majirani waliwatazama kutoka nyuma ya mapazia. Hakuna aliyewahi kumwomba radhi. Watu wa Mtaa wa Weir hawakuwa hodari wa kuomba radhi.

Asubuhi ya Jumapili ya pili ya Desemba, theluji ikiwa imeanza, mlango wa Silas uligongwa. Duxbury alikuwa ndani, amekuja kuondoa ule ubao na kusaidia kutia kioo kipya dirishani, kwa hiyo aliona alivyosimama Bert Nuttall kizingitini, kichwa wazi, theluji kwenye nywele, amempakata binti yake wa miaka minne. Mtoto alikuwa anapumua kama anayevuta hewa kupitia nguo.

Bert alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda dirishani, kwa Ivy, sakafuni.

"Silas," alisema. "Mimi... lile jiwe..."

Silas alikwishachukua funguo za gari kwenye msumari. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, kisha akavuta blanketi kutoka kiti cha mkewe, na Ivy akaliachia.

"Mfunike na hili pia," alisema. "Na umkalishe upande wangu. Ule mwingine unapitisha upepo."